Theluji na Mnyororo wa Wapokezi

Ufuatiliaji wa theluji kwa satelaiti kwa miongo mingi unaibua swali la kale la falsafa kwa sura mpya: je, mwanadamu anaweza kudai kwamba anajua jambo ambalo hakuna mtu hata mmoja aliyeliona? Theluji iliyoanguka usiku huonwa na kila aamkaye karibu nayo, lakini kupungua kwa theluji ya Juni katika nusu ya kaskazini ya dunia ni jambo lisiloonwa na yeyote, kwa kuwa hakuna jicho linaloweza kuzitazama Siberia na Canada kwa pamoja, wala hakuna kumbukumbu ya mtu inayoweza kuupima mwaka huu kwa mwaka 1967. Hata satelaiti haikuliona, kwani kila moja hudumu kwa sehemu tu ya miongo hiyo, ikashuhudia siku zake, kisha ikanyamaza. Kinachobaki ni habari iliyopokezanwa.

Kumbukumbu ndefu kuliko zote za aina hii zilianza mwaka 1966, Marekani ilipoanza kuchora ramani ya theluji ya kila wiki: wataalamu walizitazama picha za satelaiti, wakapambanua kwa macho yao theluji na wingu, kisha wakachora mipaka kwa mkono. Mwaka 1997 zikaja ramani za kila siku zinazoandaliwa kwa kompyuta, na tangu mwaka 2000 satelaiti iitwayo Terra, kwa chombo chake kiitwacho MODIS, imekuwa ikiigawa ardhi katika pikseli, yaani vipande vya mraba vyenye upande wa mita 500 hivi, na kukipima kila kimoja kwa tabia ya mwanga. Theluji huurudisha mwanga unaoonekana kwa macho lakini huumeza sehemu ya mwanga usioonekana, uitwao infraredi, ilhali mawingu mengi huirudisha mianga yote miwili. Tofauti ya mianga hiyo ikigawanywa kwa jumla yake hupatikana namba, na kwa muda mrefu namba iliyofikia 0.4 ilihesabiwa kuwa ni theluji. Ikumbukwe kwamba kipande kilichofunikwa nusu tu huweza kuufikia mpaka huo, kwa hiyo neno “theluji” kwenye ramani lina ndani yake hukumu iliyopitishwa na watu.

Wasomaji waliolelewa karibu na elimu ya Hadithi wataitambua hali hii mara moja. Wanazuoni wa Kiislamu hawakuikubali habari kwa uzuri wa matini yake pekee, bali waliikagua isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi walioibeba kutoka kizazi hadi kizazi, wakiuliza juu ya kila mmoja kama alikuwa mwadilifu na kama alihifadhi kwa usahihi. Imamu Bukhari anajulikana kwa sharti gumu zaidi: haikutosha wapokezi wawili kuishi zama moja, ilibidi ithibitike kwamba walikutana. Sharti hilo lina mwenzake katika elimu ya satelaiti, na kufanana huku si pambo la maneno. Satelaiti mpya hutakiwa irushwe kabla ya ile kongwe kufa, ili zote mbili ziitazame theluji ileile kwa muda na tofauti ya macho yao ijulikane. Pasipo kukutana huko, pengo kati ya namba mbili laweza kuwa ni la theluji au la chombo, na hakuna njia nyepesi ya kuamua.

Hatari si ya kinadharia. Ramani zile za Marekani zilionyesha kwamba theluji ya Oktoba katika bara la Ulaya na Asia inaongezeka, huku dunia ikizidi kupata joto. Mwaka 2013 watafiti Ross Brown na Chris Derksen walizilinganisha na vyanzo vingine vilivyojitegemea, wakaona kwamba ongezeko hilo halikuungwa mkono, na kwamba chanzo chake chaelekea kuwa uwezo bora wa wachoraji wa kuitambua theluji. Mpokezi alikuwa ameongezewa nuru ya macho, na nuru hiyo ikasomeka kama theluji.

Lakini uhalali wa kuitilia shaka habari hiyo haukutokana na kutotarajiwa kwake, na hapa ndipo penye uzito wa kimaadili. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoeleza kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, ambayo kiongozi wake wa safari aliita “baridi” tu, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa habari hiyo akiwa London, kwa kuwa haikupatana na alichoamini kuhusu Afrika. Cooley aliipima matini kwa imani yake; Brown na Derksen waliwapima wapokezi kwa wapokezi wengine. Kwa nje vitendo hivi viwili vyafanana, kwani vyote ni kukataa, lakini ni cha pili tu kinachostahili kuitwa uadilifu.

Terra sasa imezeeka. Tangu mwaka 2020 haijarekebisha tena mwinamo wa njia yake, na wakati wake wa kupita, uliokuwa saa nne na nusu asubuhi, unazidi kusogea nyuma, kwa hiyo vivuli vya milima vinarefuka juu ya theluji inayopimwa. Satelaiti iitwayo Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, hupita juu ya miteremko hiyohiyo mchana, na kwa zaidi ya miaka kumi mashahidi hao wawili wamekuwa hai pamoja.