Waliumbwa wa Kazi Gani?



Kwetu huku Nyasubi, na ukanda wote wa dhahabu toka Kahama hadi Geita, jiwe huulizwa swali moja tu: lina gramu ngapi? Likipita kwenye karasha bila kutoa kitu, linatupwa. Naona swali hilo hilo tumeanza kuwauliza viumbe hai, na hata Mungu mwenyewe. Kijana anasoma habari za dinosaria, halafu anasema: hawa waliishi, wakafa, wakaisha kabla mtu hajatokea duniani. Sasa Mungu aliwaumba wa kazi gani? Swali zuri, tusilikwepe.

Kwanza tutazame muda wenyewe. Miamba ya dhahabu tunayoichimba ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipokuwa ikijijenga hapakuwa na mnyama hata mmoja, vijidudu tu. Mabaki ya wanyama wa kale kabisa yanayojulikana duniani hayafikishi miaka milioni 600, kwa hiyo hata ukishuka hadi chini kabisa ya duara usitegemee kukuta mfupa ndani ya mwamba ule.

Mifupa iko kusini. Bonde la Ruhuhu, upande wa Ziwa Nyasa, limehifadhi wanyama waliotangulia dinosaria, wakiwemo wawindaji wenye meno marefu kama visu. Kama miaka milioni 252 iliyopita maafa yakafagia sehemu kubwa ya uhai, baharini na nchi kavu. Katika miamba iliyofuata ya bonde hilo hilo ndipo alipotoka Nyasasaurus, aliyepewa jina mwaka 2013, ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote au ndugu yao wa karibu. Baadaye sana, miaka milioni 150 iliyopita, Tendaguru kule Lindi walitembea majitu yenyewe. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na Watanganyika wakaibeba mifupa ile kwa miguu hadi pwani. Kiunzi kimoja kimesimama Berlin leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nao wakaisha, miaka milioni 66 iliyopita. Wakabaki ndege, ambao ni uzao wao, na mamalia wakapata nafasi.

Halafu kuna Mahenge. Siyo ile ya Ulanga, hii iko Singida, majirani zetu kabisa. Miaka kama milioni 46 iliyopita palikuwa na ziwa dogo la kreta, na tope lake limetunza popo, vyura na samaki wa ukoo wa sato. Sato, jamani! Ukoo ule ule tunaokula na ugali ulikuwa ukiogelea pale, wala hakuna mvuvi duniani.

Wengine hapa wanashtuka: kifo si kiliingia kwa dhambi ya Adamu? Mtakatifu Thoma wa Akwino alishajibu kabla mtu yeyote hajasikia neno dinosaria. Kwake, dhambi ya mtu haikubadili maumbile ya wanyama, na mla nyama angekula nyama hata bila anguko. Mtume Paulo akiwaandikia Warumi anazungumzia kifo chetu sisi. Katekisimu nayo, namba 310, inaeleza kwamba ulimwengu umeumbwa ukiwa safarini, viumbe wengine wakitokea na wengine wakitoweka. Jibu hilo halifuti maumivu ya mnyama anayeliwa, na sioni sababu ya kujifanya linayafuta.

Ila swali la gramu linaanguka. Kama thamani ya kiumbe ni faida yake kwetu, basi Mungu alifanya kazi mamilioni ya miaka bila mteja. Katika kitabu cha Ayubu yeye mwenyewe anataja mvua anayoinyesha nyikani pasipokaa mtu. Tena Thoma anafundisha kwamba wema wa Mungu hauwezi kuonyeshwa na kiumbe mmoja, ndiyo maana akaumba wengi na wa namna nyingi. Mimi naongeza: hata zama moja haikutosha.

Utaniambia, kama kutoweka ni jambo la kawaida, ya nini kumlilia chura? Kwa sababu maafa ya kale hayakuchagua. Sisi tunachagua. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole, anayezaa watoto badala ya kutaga, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 na aliishi kwenye rasharasha za maporomoko yale tu. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye umeme, umeme ambao mimi na wewe tunachajia simu. Ugonjwa wa kuvu nao ukaja. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni chura wachache waliokuwa wamepelekwa Marekani wakazaliana huko. Mwaka 2012 walirudishwa Kihansi, kwenye manyunyu yanayotoka kwenye mabomba.