Miwani Iliyolala Kwenye Droo

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu Mpanda, kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kwa mara ya tatu siku ya Jumatatu, hata madirisha hatujafungua. Alikuwa ametoka Katumba kwa bodaboda, vumbi la kiangazi limemjaa hadi kwenye nyusi. Akaketi kwenye benchi, akafungua mfuko wake wa nailoni, akatoa stakabadhi za mauzo ya tumbaku moja moja na kuzipanga mapajani. Marobota yake yote yalikwishapimwa, mteuzi alikwishayapangia madaraja, mnunuzi alikwishayachukua. Wenzake waliouza naye siku ile ile walikuwa wameshalipwa na wengine wameshaezeka. Yeye kila akienda benki akaunti ilikuwa tupu.

Karani wetu mkuu akaipokea stakabadhi ya kwanza. Akanyoosha mkono kuipeleka mbali na uso, akairudisha karibu, akaipeleka mbali tena. Mzee alimwangalia kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama huoni, si ungesema?"

Nilikuwa nimekaa meza ya pili na maneno yale yaliniingia mimi pia. Maana nilijua kwamba ndani ya droo ya meza ile, karibu kabisa na goti la karani, kulikuwa na miwani mipya kwenye kasha lake, ya kompyuta na ya kusomea kwa pamoja, ambayo alikuwa ameilipia shilingi 190,000. Alikuwa ameivaa siku tatu tu.

Mambo hayakuanzia hapo. Macho yalianza kumsumbua karani akiwa na miaka 44 hivi, na sasa alikuwa na 51. Jambo lenyewe ni la kawaida kabisa. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani ni laini na hubadilika umbo kila mtu anapotazama kitu cha karibu. Miaka inavyokwenda inakakamaa, na kuanzia 40 hivi mtu anaanza kuona kwamba herufi za karibu zina ukungu na mkono umekuwa mfupi. Kompyuta haileti hali hiyo, kusoma sana hakuileti, na hakuna aliyerogwa. Watafiti waliopima watu wa vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta zaidi ya nusu ya wenye miaka 40 na kuendelea wana tatizo hilo, na wengi mno kati yao hawakuwa na miwani. Wengi wa watu wale walikuwa wakulima. Kuchambua mchele kunahitaji macho ya karibu kama kusoma kunavyoyahitaji.

Karani alifanya kama wengi wetu tunavyofanya. Alikwenda sokoni kwenye meza ya miwani, akajaribu moja baada ya nyingine huku akisoma maandishi ya kwenye kiberiti, akachagua iliyozikuza herufi kuliko zote. Ilikuwa ya +3.00. Akalipa, akaondoka amefurahi, na kwa karatasi kweli ilimsaidia.

Hapa naomba msomaji anifuate taratibu, maana ndipo kosa lilipo. Miwani ya kusomea ina umbali wake. Ukigawanya 100 kwa namba ya miwani unapata, kwa sentimita, mahali inapolenga: +2.50 hulenga sentimita 40, +3.00 hulenga kama 33, na +1.50 hulenga kama 67. Kitabu tunakishika kwenye sentimita 35 hadi 40. Skrini ya kompyuta ya mezani hukaa kwenye 60 hadi 70. Kwa hiyo aliyevaa +3.00 akitazama skrini anaona ukungu, na bila kujua anaanza kuifuata: shingo mbele, mgongo umepinda, kidevu juu. Ndivyo karani wetu alivyokaa kwa miaka. Ikifika alasiri kichwa kinamgonga. Alilaumu kiti, kikabadilishwa. Mara mbili alikwenda kupima malaria na mara mbili hakukutwa nayo. Macho hakuyataja kwa mtu.

Mwishowe mkewe alimlazimisha kwenda kupimwa na mtaalamu. Akatengenezewa miwani ya kazi za ofisini, ile ambayo sehemu ya juu ya lenzi ni ya umbali wa skrini na sehemu ya chini ni ya karatasi, na katikati nguvu inabadilika kidogo kidogo bila mstari. Ni miwani nzuri mno kwa mtu wa meza. Alipoipokea aliambiwa neno moja tu: utazoea. Neno hilo ni la kweli, ila ni nusu ya maelezo, na nusu iliyobaki ndiyo ilimgharimu yeye na ikamgharimu mzee wa Katumba.

Hakuna aliyemweleza kwamba miwani ile ni ya kukaa nayo mezani. Aliivaa akatoka nayo barabarani, ardhi ikawa kama inapanda kumlaki na sura za watu wa mbali zikamwekea ukungu. Siku ya pili alisimama nayo kwenda kumpokea mgeni barazani, akakosea ngazi, akaumia goti. Siku ya tatu alijitahidi kukaa nayo kwenye kompyuta, lakini shingo ilikuwa imezoea kuinua kidevu, na ukiinua kidevu na miwani ya namna ile unatazama skrini kupitia sehemu ya chini, ya karatasi. Akaona ukungu ule ule wa zamani, na juu yake kizunguzungu. Akaivua. "Hii wamenikosea," akaniambia, akaifungia kwenye droo. Ile ya sokoni ikarudi kazini.

Kisha msimu wa soko ukaanza. Aliyewahi kufanya kazi kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku anajua siku zile: karatasi zinaingia kwa mafungu, kila moja ina uzito, daraja, jina na namba ya akaunti, na zote zinatakiwa ziwe kwenye kompyuta kabla ya malipo. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, na taa ikiwa hafifu mboni ya jicho hutanuka na ukungu huzidi. Karani alikuwa akivaa miwani kusoma karatasi, anaivua kutazama skrini, anaivaa tena, mamia ya mara kwa siku. Kwenye akaunti ya mzee yule, 3 moja ikawa 8. Benki ikakuta namba na jina havilingani, ikarudisha fedha, na zikabaki zinaning'inia bila mtu wa kuzifuatilia.

Siku 23 zilipita tangu wenzake walipwe hadi yeye alipopata haki yake. Katika siku hizo alilipa nauli ya kwenda na kurudi mara tatu, na kijana wake wa sekondari alirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Karani alipewa barua ya onyo. Sisemi barua ile ilikuwa ya kuonea mtu. Sote tulijua haoni vizuri, nami nikiwa mmojawapo, na tukanyamaza kwa kuwa ni mkubwa wetu. Kunyamaza kule naona mpaka leo kulikuwa kosa la ofisi nzima.

Wiki ile ile nilimsindikiza kurudi kwa mpimaji. Safari hii alisema yote: kizunguzungu, ngazi, shingo. Mpimaji akauliza swali ambalo mara ya kwanza halikuulizwa, skrini yako iko umbali gani? Hatukujua. Akatupa utepe wa kupimia, akatuambia tukirudi ofisini tupime kutoka kwenye jicho hadi skrini, na kutoka kwenye jicho hadi karatasi, karani akiwa amekaa kama anavyokaa siku zote. Tulipompigia simu kumpa majibu, 66 na 38, akasema lenzi ziko sawa, zimetengenezwa kwa umbali huo huo. Kilichokuwa kimekosewa ni mkao wa fremu, ambayo ilikuwa ikiteleza hadi katikati ya pua, na alikwishaikaza palepale tulipokuwa kwake. Kibaya zaidi ni kwamba matumizi hayakuelezwa.

Mpimaji alimweleza karani hivi, nami nayaandika kama nilivyoyasikia. Ivae ukishaketi na uivue kabla ya kusimama, na kwenye pikipiki usiivae kabisa. Usizungushe macho kutafuta herufi, zungusha kichwa, pua ielekee kile unachokitazama. Skrini ishuke kidogo chini ya usawa wa macho ili kidevu kipate kutulia. Siku za kwanza anza na saa moja au mbili, uongeze kila siku, na ile ya zamani usiiguse, maana ukirudi kwayo ubongo unaanza kujifunza upya. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame mbali, mwembe wa nje unatosha, na upepese, kwa kuwa mtu akikodolea skrini husahau kupepesa na jicho linakauka, seuze kwa upepo wa kiangazi wa huku kwetu. Ikipita wiki mbili na kizunguzungu kipo, rudi, kwa kuwa hapo huenda kweli vipimo vimekosewa.

Siku ya kumi karani aliniambia amefanya kazi hadi saa tisa bila kukumbuka kama amevaa miwani. Shingo ilichukua muda zaidi. Pia aliacha kufuta lenzi kwa pindo la shati, kwa sababu vumbi la Mpanda ni mchanga, na mchanga huchora plastiki. Sasa anaiosha kwa maji na sabuni kidogo, anaikausha kwa kitambaa laini.

Kuna wanaoona haya yote ni mambo ya wasomi wa ofisini. Lakini huko Bangladesh watu wazima wa vijijini, mafundi cherehani na wenye kazi nyingine za mikono, waligawiwa miwani ya kusomea, na baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa juu kwa takriban theluthi moja kuliko cha wenzao ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Miwani yao ilikuwa ya kawaida, ya bei ndogo. Kwa hiyo siipigi vita miwani ya sokoni. Kwa mama anayechambua mchele jioni inaweza kutosha. Ninachokipinga ni kuifanya badala ya kupimwa. Presha ya macho mara nyingi hula uoni kuanzia pembeni bila maumivu, na miwani ya sokoni haitakwambia kama unayo. Mwenye miaka 40 na kitu ambaye hajawahi kupimwa presha ya macho aende, hata kama anasoma vizuri.

Mimi mwenyewe nimetimiza 45 mwaka huu na mkono umeanza kurefuka. Nimekwishapima meza yangu: 62 hadi skrini, 40 hadi karatasi. Nawe ukitoka kazini leo, azima utepe kwa fundi cherehani, kesho kaa mezani kama unavyokaa siku zote, mtu akupimie umbali wako wa kutazama, na uziandike namba hizo mbili kwenye karatasi utakayokwenda nayo kwa mpimaji. Na kama tayari una miwani iliyolala kwenye droo, itoe, ioshe, uirudishe kwa aliyekutengenezea umwambie imekushinda wapi.