Je, Aliyechafuliwa Maji Alipe?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja juu ya neno moja ambalo kulisikia ni jepesi, bali kulipima ni zito. Watu wawili wakaa kando ya mto mmoja, mmoja juu na mmoja chini. Wa juu amwaga takataka zake majini, na maji yazichukua na kumpelekea wa chini. Nani ausafishe mto? Kila mtu atajibu upesi: Aliyeuchafua. Hata watoto wachungao mbuzi wajua hivyo. Lakini mataifa yalipoulizwa neno hilo hilo, jibu lao halikuwa jepesi, nasi twaona faida kulichungua.

Mto Rhine huanza katika milima ya Uswisi, ukashuka kwa mwendo wa kilomita 1,230 hivi, ukipita mpakani mwa Ufaransa na katikati ya Ujerumani, hata kuingia baharini katika nchi ya Uholanzi. Tangu kale ni njia ya meli na ya biashara, tena ni maji ya kunywa ya watu mamilioni. Lakini viwanda vilipozidi kando yake, watu walianza kuuita mfereji wa taka wa Ulaya. Tena katika jimbo la Alsace, Ufaransa, palikuwa na migodi ya potashi, itumiwayo kurutubisha mashamba. Potashi ikichimbwa hutoka pamoja na chumvi nyingi, na chumvi ile isiyotakiwa ilitupwa mtoni. Waholanzi, walio mwisho wa mto, waliona maji yao yameingia chumvi, na wakulima wao wakapata hasara, kwa kuwa walimwagilia mimea yao maji hayo hayo.

Mwaka 1950 serikali za Uswisi, Ufaransa, Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi ziliunda baraza la kuulinda mto, na mwaka 1963 zikalitia nguvu kwa mapatano yaliyofanywa Bern. Hata hivyo maneno yalikuwa mengi, na maji yakabaki yale yale. Ndipo mwaka 1976 walipopatana juu ya chumvi: Ufaransa ipunguze chumvi itupwayo mtoni, na gharama ya kazi hiyo wagawane. Katika kila 100, Ufaransa itoe 30, Ujerumani 30, Uswisi 6, na Uholanzi 34. Msomaji na aisome tena hesabu hiyo. Yeye akaaye chini, aliyeharibiwa maji, ndiye aliyetwikwa sehemu kubwa kupita wote.

Je, ni haki? Wako watakaosema: La, hii ni sawa na kumlipa mwizi ili aache kuiba. Ukimlipa leo, kesho jirani yake ataanza kuiba apate kulipwa naye. Dawa ya deni ni kulipa, na mdeni hapa ajulikana. Neno hilo lina nguvu, wala hatuwezi kulipuuza. Lakini wengine watajibu: Maji hayangoji hukumu. Wachimbaji wa Alsace nao walikuwa na watoto wa kulisha, wala mgodi haufungwi kwa siku moja. Tena Waholanzi wenyewe hawakuwa watu wasio na taka. Mwenye kiu hatendi vibaya akitoa fedha yake ili kisima kifukuliwe, ijapokuwa si yeye aliyekifukia.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zasema kweli, ila zasema juu ya mambo mawili. Kutoa fedha ni jambo moja, na kuhesabiwa kosa ni jambo jingine. Aliyedhulumiwa aweza kutoa kwa hiari ili maji yapone, wala si ujinga. Lakini fedha yake isilifute jina la kosa. Mwaka ule ule wa 1976 Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba wakulima wa Uholanzi walioharibiwa waweza kuwashtaki wenye migodi katika nchi yao wenyewe, mahali madhara yalipotokea. Tazameni basi: mkono mmoja ulitoa fedha, na mkono wa pili ulishika mashtaka. Wala huo haukuwa unafiki, maana upole usio na kweli humharibu hata yeye atendewaye upole.

Liko na jambo jingine la kujifunza. Wenye serikali waliazimia kwamba chumvi ishindiliwe chini sana katika ardhi ya Alsace, isitupwe tena mtoni. Watu wa Alsace walikataa, wakihofia maji yao ya chini ya ardhi. Twaielewa hofu yao, lakini yatuonyesha moyo wa binadamu: mzigo tusioutaka chini ya nyumba yetu twauona mwepesi uendapo kwa jirani. Mwaka 1979 serikali ya Ufaransa iliyaondoa mapatano yale bungeni pasipo kuyathibitisha, na Uholanzi ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Mapatano hayakupata nguvu mpaka mwaka 1985. Wakubwa wakipatana pasipo kuwauliza wale watakaoubeba mzigo, huandika juu ya maji.

Kisha, tarehe 1 Novemba 1986, ghala la dawa la kampuni ya Sandoz karibu na Basel liliwaka moto. Maji yaliyotumika kuuzima moto yalitiririka mtoni pamoja na sumu nyingi za kuulia wadudu. Mto ukageuka mwekundu, na samaki warefu kama nyoka, jamii ya mikunga, wakafa kwa mwendo wa kilomita 400 hivi. Hapo waliobishana miaka mingi walisikilizana katika muda usiotimia mwaka mmoja. Mwezi wa Oktoba 1987 mawaziri wao waliukubali mpango kwamba kufika mwaka 1995 sumu zilizo mbaya zipungue kwa nusu, na kufika mwaka 2000 samaki aitwaye salmoni, aliyekuwa ametoweka, awe amerudi. Mpango huo haukuwa sheria ya kumfunga mtu; ulikuwa ahadi tu. Lakini kila serikali ilianza kusafisha kwake, na maji yakapimwa mahali pengi mtoni, hata asiweze mtu kusema, “Kwangu ni safi.” Mwaka 1990 salmoni alionekana tena katika mto Sieg, uingiao katika Rhine.

Hata hivyo swali letu halikufa. Mwaka 2004 waamuzi wa mataifa, wakipima hesabu ya fedha za chumvi kati ya Uholanzi na Ufaransa, waliamuru sehemu ya fedha irudishwe Uholanzi. Lakini walisema pia kwamba kanuni isemayo, “Achafuaye ndiye alipe,” hawaioni kuwa sehemu ya sheria ya mataifa yote. Basi neno lile walijualo watoto wachungao mbuzi, waamuzi hawakulikuta katika sheria.

Tuseme nini, basi? Kwanza, sheria ikinyamaza, dhamiri isinyamaze. Achafuaye ana deni, hata akikosa wa kumdai. Pili, aliyechafuliwa aweza kusaidia kulipa, lakini iwe msaada, isiwe desturi. Maana msaada ukigeuka desturi, uchafu wageuka bidhaa. Tatu, kazi ya serikali nyingi juu ya mto mmoja haianzi kwa kugawana lawama, bali kwa kupima maji pamoja na kuziamini hesabu zile zile. Wapimao pamoja hawawezi kudanganyana siku nyingi.

Nasi tulio wengi hatuna migodi wala maghala ya dawa. Lakini wako kati yetu wagawanao mfereji mmoja mlimani, nao wajua kwamba hakuna akaaye juu tu. Kila mtu yuko chini ya mwenzake, tena yuko juu ya mwingine. Basi adaiye maji safi kwa aliye juu yake, na ayatazame kwanza yale anayompelekea aliye chini.