Ua Lililotoka Katika Majivu

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristu wa Roma, aliwafundisha ya kuwa mambo ya Mungu yasiyoonekana yaweza kutambulikana kwa njia ya vitu alivyoviumba. Naye Yezu Kristu, alipotaka wafuasi wake wasisumbuke kwa ajili ya kesho, hakuwapeleka katika nyumba za wafalme. Aliwaonyesha ndege wa angani na maua ya mashamba. Watu wengi hupita kila siku karibu na mafundisho hayo wala hawayaoni, kwa sababu macho yao yanaelekea mzigo waliojitwika. Wakatekumeni na wasikilize habari ya mzee mmoja wa Marungu, aliyefumbuliwa macho na mtoto mdogo.

Milima ya Marungu iko upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Katika nchi ile Mapadri Weupe walifika Mpala mwaka 1885. Na huko Kirungu, mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zile. Katika njia mojawapo ya vilima hivyo mzee huyo alikuwa akipita kila Jumamosi kwenda mafundishoni. Alilala misioni, akasali Misa ya siku ya Mungu, kisha akarudi kijijini kwake.

Alikuwa katika mwaka wa nne wa mafundisho. Ni Kadinali Lavigerie, mwenye kuanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliyeagiza watu wafundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa, ili imani yao isiwe ya midomo tu. Aliyemwingiza mzee katika njia hiyo alikuwa binti yake, Mkristu mwenye bidii, aliyemsihi muda mrefu bila kuchoka. Siku jina la baba yake lilipoandikwa katika kitabu cha wakatekumeni, binti alipika ugali na samaki wa ziwa, akawaalika majirani wote.

Lakini katika mwaka wa tatu, wakati wa mvua, binti huyo alishikwa na homa kali, akafa, akaacha mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka sita. Mzee akamchukua mjukuu wake, akamlea. Mafundisho hakuyaacha, maana alikuwa amemwahidi marehemu. Majibu ya katekismu aliyajua kuliko vijana. Lakini tangu siku ya mazishi, kila waliposali Baba Yetu, alipofika mahali ambapo mwenye kusali humkubalia Mungu mapenzi yake duniani kama mbinguni, kinywa chake kilifungwa. Aliyaruka maneno hayo, akaendelea na yale ya mkate.

Mwalimu wa katekismu aliliona jambo hilo. Siku moja akamwita kando, akamwuliza. Mzee hakuficha.

«Mwalimu,» akasema, «niliomba siku nane binti yangu apone. Mungu hakunisikia. Nikisema kwamba nayakubali mapenzi yake, nitakuwa nasema uwongo mbele yake.»

Mwalimu hakumkaripia. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu: «Baba, umefanya vema kutosema uwongo. Lakini mwezi ujao Padri atawauliza wale watakaobatizwa siku ya Pasaka. Atataka kila mmoja asali Baba Yetu peke yake mbele yake. Ukiliruka neno lile, hutaandikwa. Mwombe Mungu akufundishe mwenyewe, kwa maana mimi sina maneno ya kutosha.»

Mzee akarudi nyumbani na uzito moyoni. Siku zikapita, hata ikafika Jumamosi ya mtihani. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mwezi wa Oktoba. Alfajiri mjukuu akamshika nguo, akalia kutaka kufuatana naye. Mzee akakubali, ingawa alijua ya kuwa mwendo wa saa nne utakuwa wa saa sita. Na kweli, mtoto hakwenda kama watu wazima waendavyo. Aliinama, akasimama, akarudi nyuma, akaita: «Babu, njoo uone!» Mzee alimjibu mara nyingi: «Twende, mjukuu wangu, jua linapanda.»

Walipofika chini ya mti mkubwa wakapumzika. Hapo palikuwa na vumbi laini, na katika vumbi vishimo vidogo vya mviringo, vipana juu na vyembamba chini. Mtoto akalala kifudifudi akitazama. Chungu mmoja akapita ukingoni, akateleza. Kila alipojaribu kupanda, mchanga ulimporomoka chini ya miguu; na mdudu aliyejificha chini ya shimo akamrushia mchanga mwingine ili aanguke upesi.

Mzee akatazama, na moyo wake ukajaa uchungu. Akafikiri: «Hivyo ndivyo tulivyo sisi wanadamu. Na yule anayengoja chini, ambaye hatumwoni, labda ndiye Mungu.» Wazo hilo lilimtia hofu, lakini hakuweza kulifukuza.

Mtoto akachuma jani refu la nyasi kavu, akalishusha polepole mpaka chini ya shimo. Chungu akalishika, akapanda, akatoka.

«Ametoka, Babu!»

«Ametoka huyo,» mzee akasema. «Wako wengine watakaoanguka.»

«Basi tutakaporudi nitawatoa,» mtoto akajibu, akalishika jani lake mkononi.

Wakaendelea. Kilima cha pili kilikuwa na msitu wa miombo. Nchi ilikuwa kavu, vijito vimekauka, nyasi zimeungua. Lakini miti ilikuwa imevaa majani mapya, laini, mekundu kama shaba, na mengine yameanza kuwa kijani. Mtoto akasimama.

«Babu, mvua imenyesha huku?»

«Haijanyesha bado.»

«Basi nani ameiambia miti kwamba itakuja?»

Mzee alikuwa ameyaona majani hayo kila mwaka tangu utoto wake, wala hakuwahi kujiuliza neno hilo. Akafikiri, kisha akajibu kama mkulima ajuavyo: «Nimelima mashamba mengi, nimechimba visiki vingi. Mizizi ya miti hii huenda chini sana. Mvua iliyopita haikupotea yote. Mti umejiwekea akiba. Kwa hiyo wachipua sasa, ukiingoja mvua nyingine.»

Baada ya kusema hayo akanyamaza, kwa kuwa alisikia maneno yake mwenyewe kana kwamba yamesemwa na mtu mwingine. Akakumbuka miaka ambayo binti yake alikuwa hai: sauti yake akiimba jioni, maji aliyomletea alipougua, siku ile ya ugali na samaki. Hakuwa ameyanunua mema hayo. Nani aliyempa? Katika mwaka mzima wa kilio alikuwa amehesabu siku nane tu, zile alizoomba bila kusikilizwa, wala hakuwa amehesabu miaka ile mingi.

Mbele yake njia ikapita mahali palipochomwa moto. Ardhi ilikuwa nyeusi, na miguu yao ikajaa majivu. Hapo mtoto akauacha mkono wa babu yake, akakimbia. Alipochuchumaa, mzee akaona ua moja jekundu, lisilo na jani hata moja, limetoka katika majivu.

«Mama alinionyesha hapa mwaka jana,» mtoto akasema. «Nilitaka kuling'oa, akanikataza. Alisema kitunguu chake kiko chini ya udongo, moto haukifikii. Alisema litarudi. Nalo limerudi.»

Mzee akashindwa kusema. Mtoto akainua macho: «Babu, na mama, atarudi kama ua?»

Maswali mengi ya katekismu mzee aliyajua, lakini hilo halikuweza kupita kooni. Akamshika mtoto mkono, akasema: «Tutamwuliza Mwalimu.»

Walifika misioni alasiri, watu wengi wamekwisha kuulizwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akitazama njia. Kabla mzee hajasalimu, mtoto akamwuliza Mwalimu swali lake.

Mwalimu akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. «Hapana, mwanangu,» akasema, «si kama ua. Ua hurudi, kisha hunyauka tena. Mama yako tunamtumaini yuko mikononi mwa Mungu, na siku ya ufufuko atafufuka, asife tena kamwe. Ua ni alama tu. Laonyesha kwamba Mungu aweza kutoa uzima mahali ambapo macho yetu yaona majivu. Lakini ahadi yenyewe haikutoka kwa ua. Ilitoka kwa Yezu, aliyekufa kweli, akazikwa kweli, akafufuka siku ya tatu.»

Ndipo mzee akamweleza Mwalimu habari ya chungu, na wazo baya lililomwingia chini ya mti. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema:

«Baba, Mungu hakai chini ya shimo kungoja watu waanguke. Mauti yaliingia duniani kwa dhambi, nayo hutuvuta sote. Lakini Mungu alifanya nini? Mjukuu wako alishusha jani. Mungu alimshusha Mwanawe mwenyewe, akaingia mpaka chini kabisa, hata kaburini, ili tumshike atutoe. Nawe kumbuka bustani ya Getsemani. Yezu naye aliomba kikombe kimwondokee, akatoka jasho kama matone ya damu, kisha akajitia katika mapenzi ya Baba. Hakusali kwa kucheka. Mungu hakuombi useme neno lile kwa furaha. Akuomba ulisema ukimshika Mwanawe.»

Mzee akaitwa. Padri akamwuliza habari za Mungu Mmoja katika Nafsi Tatu, za Eklezya na za Sakramenti, naye akajibu vema. Kisha Padri akamwambia asali Baba Yetu. Mzee akaanza kwa sauti ya kawaida. Alipofika mahali pale akasimama. Watu waliokaa kwenye mabenchi wakanyamaza. Jasho likamtoka usoni. Mjukuu, aliyesimama karibu na mlango, alikuwa bado ameshika jani lake la nyasi, mzee akalitazama. Ndipo akayasema maneno yale, yote, kwa sauti ndogo iliyotetemeka, machozi yakimdondoka. Baadaye akamaliza sala.

Padri hakuuliza neno jingine. Akaandika jina lake.

Kesho yake, baada ya Misa, mzee na mjukuu wakashika njia ya nyumbani. Kilio chake hakikuwa kimekwisha. Nyumbani kikapo cha binti yake kilikuwa kingali kimetundikwa ukutani. Lakini walipofika chini ya mti wenye vishimo, si mtoto aliyetangulia kuinama. Mzee ndiye aliyepiga magoti katika vumbi, akachuma jani la nyasi, akamwita mwenziwe: «Mjukuu wangu, njoo uone.»

Wakatekumeni wapenzi, katika habari hii yamo mafundisho matatu. La kwanza: vitu vilivyoumbwa ni alama za Mungu, navyo vyasema na yule anayesimama kuvitazama, lakini utimilifu wa ufunuo wake ni Yezu Kristu, na Eklezya ndiyo inayofundisha maana yake bila kupotosha. Mwenye kuona ua bila kumjua Kristu aweza kufurahi siku moja tu, kwa kuwa ua litanyauka. La pili: kuyakubali mapenzi ya Mungu si kusema kwamba msiba ni kitu chema, wala si kukausha machozi. Yezu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, rafiki yake. Kuyakubali ni kumwamini Baba hata wakati mkono wake hauonekani, kama mti uchipuavyo kwa maji ya mvua iliyopita, ukiingoja mvua ijayo. La tatu: sala isisemwe kwa uwongo. Aliye na neno zito moyoni asilifiche mbele ya Mungu, wala asikimbie mafundisho kwa ajili yake. Na amweleze Mwalimu au Padri, aendelee kutembea. Wengi wamefunguliwa moyo wakiwa njiani.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulala:

1. Ni neno gani la Baba Yetu ambalo kinywa hulisema upesi, lakini moyo haujalikubali?

2. Ni mema gani aliyotoa Mungu miaka iliyopita, ambayo huzuni ya leo imeyafunika?

3. Ni nani kijijini aliyeanguka katika shimo la msiba, naye angoja mtu wa kumshushia hata jani moja la nyasi?

Tendo la juma hili: kila mkatekumeni na atembee pamoja na mtoto mmoja wa nyumbani kwake, asimwambie afanye haraka. Atakachoonyeshwa na mtoto huyo, amshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha asali Baba Yetu polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho.