Achia Breki

Mama yake hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia, maana maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga tangu njiani. Alinikaribisha kiti, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ulipomwambia aachie breki, ulikuwa unamtakia nini?"

Mwanawe, kijana wa miaka 13, alikuwa ameketi kizingitini, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Daktari alisema mfupa utaunga wenyewe baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa mifupa ya watoto huunga upesi. Hilo lilinituliza kidogo. Swali la mama halikunituliza. Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, nimemaliza masomo ya darasani na nimerudi nyumbani kuandika tasnifu. Mtu angedhani swali la namna hiyo ndiyo kazi yangu. Nilikunywa maji, nikasema "samahani, mama," nikaondoka.

Imepita miezi minane. Leo najaribu kulijibu.

Nimezaliwa na kukulia Lushoto, katika milima ya Usambara. Barabara ya kutoka kwetu kwenda Mombo hujikunja na kujikunjua kwa zaidi ya kilomita 30, ikipitia Soni, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Mtoto wa huku akijifunza baiskeli, anajifunza mteremko. Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa Phoenix ya babu, nyeusi na nzito. Kiti sikukifikia, kwa hiyo nilifanya kama watoto wengi wa Tanzania: nilipenyeza mguu chini ya bomba la juu, nikapiga pedali mwili umepinda upande mmoja kama mtu anayechungulia dirishani. Bibi alisema si mchezo wa msichana. Babu hakubishana naye. Kabla sijakanyaga hata pedali moja, alinifanya niikokote ile baiskeli kuteremka kilimani kwa miguu, nikibana breki na kuachia, nikibana na kuachia, siku tatu nzima. Nilimwona mzee anayechosha.

Nilipokwenda kusoma sekondari mkoa mwingine, nilinunua baiskeli ya gia ya mtumba na kujiunga na vijana waliokuwa wakishindana kwenye njia za mashambani na msituni. Kocha wetu alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nayafundisha: tazama unakokwenda, usitazame unachokiogopa, ukiteremka rudisha uzito nyuma, punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Pia alikuwa na msemo wake mmoja: "Breki ni za waoga." Niliuamini. Nilishika nafasi ya pili katika mbio zangu za tatu, na nikiwa na miaka 19 nikaanguka nikavunja meno mawili. Aliponitembelea alicheka, akasema mwendeshaji asiye na kovu ni mtazamaji. Nami nilicheka, huku mdomo ukiniuma. Kovu la kidevuni nililichukulia kama cheti.

Mchezo wenyewe una asili ya namna hiyo. Mwaka 1976, karibu na mlima Tamalpais huko California, vijana walianza kushindana kuteremka na baiskeli kuukuu. Breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, na baada ya kuteremka ilibidi kuijaza upya. Mbio zile zikaitwa Repack kwa sababu hiyo ya kujaza upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mbio za baiskeli za milimani ziliingia kwenye Olimpiki ya Atlanta. Lakini wale wa Tamalpais walichagua wenyewe. Hawakuwa na dada mkubwa aliyesimama pembeni akiwapigia kelele waachie.

Mimi nilisimama pembeni. Ilikuwa Jumamosi baada ya mvua, kwenye njia ya msituni iliyojaa mizizi. Nilikuwa nimemkataza kupunguza mwendo kule juu. Alipofika kwenye mizizi nikampigia kelele: "Achia! Achia breki!" Kitaalamu sikukosea. Gurudumu lililobanwa juu ya mzizi wenye maji huteleza, lililoachiwa hubingirika. Aliachia. Kisha akaona kasi aliyokuwa nayo, akashtuka, akabana breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Gurudumu likasimama. Yeye hakusimama.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Nimesema mama mwenyewe aliruhusu, na ni kweli. Lakini aliruhusu mchezo, hakuruhusu sentensi ile. Wala mtoto hawezi kukubali hatari ambayo bado hajui inafananaje. Anachokikubali hasa ni mimi. Nimesema pia kwamba watoto wetu wanapanda bodaboda watatu kwa mpigo bila helmeti, na kwangu angalau helmeti wanavaa. Ni kweli tena, lakini hatari ya mwingine hainifutii ya kwangu.

Utetezi wangu mzito ulikuwa wa Aristotle. Yeye anasema ujasiri haufundishwi kwa maneno. Mtu huwa jasiri kwa kutenda mambo ya kijasiri, kama anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wazazi. Nilipofungua tena kitabu chake nilikutana na mfano ambao nilikuwa nimeuruka. Ujasiri uko kati ya woga na ukurupukaji, anasema, ila hapo katikati si mahali pamoja kwa watu wote. Anamtaja Milo, mpiga mieleka mashuhuri: chakula kinachomfaa anayeanza mazoezi ni kidogo kwa Milo, na kinachomtosha Milo kitamzidi anayeanza. Mwalimu wa mazoezi anapaswa kujua tofauti hiyo. Mimi nina miaka 26 na nimeteremka njia ile mara mia. Nilichukua sahani yangu nikampakulia mtoto wa miaka 13.

Kwa nini? Hapa ndipo swali la mama linapouma. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano ya vijana. Kila kocha mdogo wa ukanda huu anaijua habari ya David Kinjah, Mkenya aliyempokea Chris Froome akiwa bado mtoto na kumfundisha kuendesha katika vilima vya Kikuyu, na mtoto yule akaja kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Ni habari nzuri. Ila mimi nilikuwa nimejiweka ndani yake. Nilitaka watu wamwone yule kijana akishuka kama jiwe, wageuke waulize, "Nani kamfundisha?" Nilipopiga kelele "achia," nilikuwa najitakia mimi.

Kuna sentensi nyingine ninayoiogopa siku hizi. Agosti 2022, Suleiman Kangangi, mwendeshaji wa Kenya na nahodha wa timu ya Amani, alifariki baada ya kuanguka katika mbio za Vermont Overland huko Marekani. Alikuwa na miaka 33, na nyuma yake kulikuwa na vijana wengi aliokuwa akiwalea katika mchezo. Nililia, kisha nikajifariji kama watu wengi: amekufa akifanya alichokipenda. Nadhani mwendeshaji mtu mzima anaweza kusema hivyo juu ya nafsi yake. Kocha hana haki ya kuiweka sentensi hiyo akiba kwa ajili ya mwanafunzi wake.

Sijaacha kufundisha. Kuacha kungekuwa rahisi, na kungewanyima watoto kitu ambacho babu alinipa: kuujua mlima badala ya kuuogopa tu. Lakini msemo wa kocha wangu siutumii tena. Wanaoanza sasa wanakokota baiskeli kwa miguu siku tatu, wakibana na kuachia. Wananiona ninachosha.

Kijana alirudi baada ya miezi mitatu. Mama alikuja naye, akakaa chini ya mkaratusi, khanga mabegani, akasema atakuwa anakuja kila Jumamosi. Tulipanda hadi mwanzo wa njia ile ile. Alisimama, akaitazama mizizi kwa muda, akaniuliza, "Dada, niteremke?"

Jibu lilikuwa limeshafika kooni. Nilijua anaweza. Mwendo wake wa asubuhi ile ulikuwa mzuri na njia ilikuwa kavu.

"Wewe unaionaje?" nikamuuliza.

Alifikiri, kisha akashuka, akaanza kuikokota baiskeli. Wenzake wawili wakacheka. Nami nikashuka kwenye yangu, tukatembea mmoja nyuma ya mwingine hadi chini, magurudumu yakigonga mizizi, bila kusema neno. Sijawahi kuiona njia ile kwa miguu tangu nianze mbio. Ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Jumamosi iliyofuata aliniuliza tena, nikamjibu vilevile. Aliteremka hadi katikati, akabana breki zote mbili polepole, akasimama kabla ya mizizi. Alisimama vizuri sana. Nilimwambia hivyo, na tulipofika chini nilimweleza mama yake pia: "Mama, leo amesimama vizuri." Alinitazama, akasogea kidogo kwenye kivuli, akanipisha nikae.