Mtoto Huyu Anahesabu kwa Kalenda Gani?



Je, mtu anaweza kusema kweli na bado aonekane mwongo? Swali hili liliwaleta kwangu mume na mke wa hapa Bulla Pesa mwaka 2018, wakiwa hawajasemezana siku tatu.

Machi mwaka huo wanajeshi wa Ethiopia waliua raia upande wa pili wa Moyale, na maelfu ya watu wakavuka kuingia Kenya. Mmoja wao alikuwa binti wa dada yake mke. Mke, Mborana, alimpokea. Mume, Mmeru, alikubali kwa moyo mweupe: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shuleni mtoto aliulizwa mwaka wa kuzaliwa. Akajibu: 2002. Watu wakacheka, maana angekuwa na miaka 16, naye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Alipoulizwa tena, akarudia lile lile. Mume akaona aibu. "Mama Mwenda, sitaki uongo nyumbani mwangu." Mtoto akanyamaza kabisa, hata chakula hagusi mpaka aambiwe.

Ndugu zangu, mtoto hakudanganya. Ethiopia wana kalenda yao ya miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Mwaka 2002 wao ulianza Septemba 2009 yetu. Mtoto alikuwa na miaka 8.

"Katekista, mimi ningejuaje?" mume aliniuliza. Kweli, kutojua si dhambi. Lakini mkewe alijua, ila hakuulizwa. Naye kwa hasira hakueleza. Alisema, "Nilitaka amwamini kwanza."

Nani alikuwa na haki? Wengine watasema watoto hudanganya, basi tusiwaamini ovyo. Ni kweli. Lakini ukiuliza kwanza, mwongo bado atajulikana na kurekebishwa. Ukihukumu kabla ya kuuliza, msema kweli atajifunza kwamba hapa kweli haimsaidii, na kesho ataanza uongo. Mgeni hana maneno ya kujitetea. Kwa hiyo wajibu wa kuuliza ni wa mwenyeji. Na anayejua jibu asilifiche ili kumpima mwenzake.

Wanandoa, hata ninyi mlitoka nyumba mbili zenye hesabu mbili. Mume akisema "nitarudi mapema", ana maana kabla ya kulala. Mke amesikia kabla ya jua kuzama. Msiitane waongo. Ulizaneni.

Baba yule alimwita mtoto, akamwomba msamaha. Siku chache baadaye mtoto alitazama saa ya ukutani, akasema kwao pia saa moja huhesabiwa kuanzia jua linapochomoza, kama katika Kiswahili. Wakacheka wote. Kumbe saa zao zilikuwa sawa tangu mwanzo.

Yesu naye alikuwa mtoto mgeni kule Misri. Leo jioni, kabla ya sala, muulize mwenzako jambo moja ulilomhukumia bila kumsikiliza.

Mungu azibariki familia zenu.