MJI NI WATU AROBAINI WAKAAO

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesharutisha kwa sala ya Ijumaa wanaume arobaini waliobaleghe, wenye akili, waliofanya pale makazi yao, wasiohama wakati wa baridi wala wa joto illa kwa haja. Msafiri, hata akiwa mwanachuoni mkubwa, hahesabiwi katika arobaini hao. Basi na azingatie mwenye akili: mji hausimami kwa mawe yake wala kwa maduka yake, bali kwa watu walioazimia kukaa.

Na kukaa si kulala. Imamu Nawawi katika Minhaji amezihesabu kazi za mikono, na kila jambo ambalo maisha ya watu hutimia kwalo, kuwa ni fardhi kifaya. Wakizifanya baadhi, wengine wamesalimika. Wakiziacha wote, wote wana dhambi.

Muumini huiokota hikma popote aikutapo. Katika milima ya Mbulu, huko Kainam, wakaa Wairaqw. Ardhi yao ni haba na ya mteremko, na watu ni wengi. Walakini kwa vizazi vingi wameilima pasi na kuiua. Kwa desturi yao ng'ombe hulala ndani, na samadi huchukuliwa shambani. Matuta huzuia mvua isibebe udongo. Na mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa jirani asiye nao: jirani apata maziwa na samadi, na mwenyewe apata mchungaji. Hivyo ufukara wa mtu mmoja hauliui shamba lake.

Huko Hanang kuna onyo. Katika miaka ya 1970, shirika la serikali NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano, yakafikia ekari karibu 100,000, katika nyanda za malisho ya Wabarabaig. Watu wa kijiji cha Mulbadaw wakashitaki. Mahakama Kuu iliwapa haki. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ile kwa habari ya ardhi, kwani kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kisheria. Walizijua njia zote za ng'ombe wao, lakini hati hawakuwa nayo.

Je, pwani wakfu wangapi wamepotea hivi, msimamizi akafa na hati isionekane, wala shahidi asipatikane? Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Sembuse mali ya msikiti na ya mayatima!

Basi atakaye mji wake udumu na aanze na jamaa wa msikiti wake. Na wajuane nyumba kwa nyumba: nani mgonjwa, nani mjane, mtoto wa nani hana chuo. Kila fardhi kifaya na iwe na watu wake wanaojulikana kwa majina. Zaka isitolewe nje ya mji hali wenye kustahiki wako mlangoni, kwani ndiyo kauli ya madhehebu. Nayo ni kama ng'ombe yule wa jirani, humsimamisha asiye nacho naye akawasimamisha wengine. Na kila kiwanja cha wakfu na kiandikwe leo, wazee walioshuhudia wangali hai.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu tawfiki. Amin.